Kwa nini picha nyingi za zamani za familia mtu mmoja amekatwa kichwa?

#1 Mzee wa Makabrasha

Wakuu, habari zenu.

Nakusanya makaratasi ya zamani: picha za studio, postikadi, risiti za kodi, tiketi za treni, kadi za chama, mpaka lebo za viberiti. Wengi wanaziona takataka. Mimi naona ndimo walimobaki wazee wetu ambao hakuna kitabu kilichowataja.

Kuna jambo linanisumbua. Shangazi amenikabidhi kasha la bati la marehemu babu, Tanga. Ndani zimo picha za studio nyeusi na nyeupe, zile zenye kingo za mawimbi. Moja ina watu watano mbele ya pazia lililochorwa ngazi, nguzo na bahari. Aliyekaa kitini katikati ni mwanamke, na kichwa chake hakipo. Kimetolewa kwa wembe, umbo la yai, safi, hakuna mchaniko hata kidogo. Mikono imebaki mapajani, bangili zinaonekana, na mtoto wa pembeni bado ameshika pindo la kanga yake. Wengine wanne wako salama.

Ya pili ina wanaume wawili wamesimama. Mmoja uso umekwaruzwa kwa kitu chenye ncha mpaka karatasi nyeupe ikatokea.

Nimepekua mkusanyiko wangu wote, nimekuta nyingine za aina hii kutoka familia zisizojuana: Moshi, Mwanza, Unguja. Walikuwa wanafanya hivi kwa nini? Na anayejua kusoma mihuri ya studio anisaidie, wa hii umefifia, yanasomeka "Box" na "Tanga" tu.

#2 Binti Pangani

Talaka hiyo, usizunguke sana. Mke wa pili kaingia, kakuta mwenzie kakaa kitini katikati kama malkia, wembe ukafanya kazi. Kwetu ipo picha ya harusi ambayo bwana harusi kabaki bega tu.

#3 Chumba cha Giza

Binti Pangani, talaka zipo, lakini mnarukia mapenzi kabla ya shida ndogondogo. Nimefanya kazi studio Mwanza miaka ya 80. Mtu anakuja mbio: kesho kuna usaili, au mtoto anaandikishwa shule, au kadi ya kliniki inataka picha. Filamu haipo madukani, na hela hana. Anatoa picha ya familia mfukoni: "Fundi, nikatie mimi hapo." Tunamkata, tunabandika kwenye fomu, anaondoka na picha iliyobaki na tundu. Hakuna aliyeona ni dhambi. Picha ilikuwa mali ya kutumika.

Mleta mada, pima tundu. Likiwa karibu na saizi ya pasipoti, umepata jibu.

#4 Mkamba wa Athi

Kweli kabisa. Huku Kenya wazungu walilazimisha kitambulisho kilichoitwa kipande, kila mwanamume lazima awe nacho. Hapo ndipo watu walianza kukata picha ili wabandike kwenye kipande.

#5 Mwalimu Ngowi

Mkamba, hapo rekebisha. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole, majina ya waajiri na mishahara, kikatiwa ndani ya kibati na kuning'inizwa shingoni. Picha haikuwemo. Vitambulisho vyenye picha vimekuja baadaye. Kwa hiyo hoja ya Chumba cha Giza inasimama kwa miaka ya baadaye, siyo enzi za kipande.

Ukipata kibati chenyewe na karatasi yake ndani, usikiuze kwa bei ya chuma chakavu. Nimeviona vikipimwa kwa kilo.

#6 Mkamba wa Athi

Asante Mwalimu. Babu alikuwa na hicho kibati, karatasi haikuwepo tena.

#7 Acholi Mswahili

Wadau, mnaoongelea kukata kwa ajili ya kitambulisho, kuna kisa mashuhuri huku kaskazini mwa Uganda. Pale Gulu ipo studio inaitwa Gulu Real Art Studio. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alikuta hapo rundo la picha kubwa za watu waliokaa kitini, kila mmoja ana tundu la mraba mahali pa uso. Mashine ya studio ya kutoa picha za pasipoti ilikuwa inatoa nne kwa mkupuo, na mteja mara nyingi anahitaji moja tu. Basi fundi anapiga picha ya kawaida, anachonga uso, anampa mteja. Kinachobaki kinatupwa. Martina aliziokota, zikaja kuonyeshwa New York mwaka 2013.

Ukizitazama unaona mengi: mmoja kaazima koti halimtoshi, mwingine kapakata mtoto, mwingine ana gongo. Mikono inasema habari nzima.

#8 Mzee wa Makabrasha

Acholi Mswahili, asante, hii sikuijua.

Nimepima. Tundu langu ni dogo kuliko saizi ya pasipoti, na ni umbo la yai, siyo mraba. Halafu Chumba cha Giza, huyu mama kavaa ushungi na kageuka upande kidogo. Ofisi gani ingekubali picha hiyo?

#9 Chumba cha Giza

Ofisi za zamani zilikubali mengi mkuu. Lakini umbo la yai limenishtua. Hilo ni umbo la kidani cha mkufu au la fremu ndogo ya mezani.

#10 Mtoto wa Langoni

Nawasalimu kutoka Lamu. Umbo la yai mie naliona kawaida kabisa. Marehemu Omar Said Bakor wa Bakor Studio hapa kwetu alikuwa bingwa wa kukata na kubandika. Anachukua kichwa chako anakiweka katikati ya ua, au ndani ya redio. Watu walizipenda, zikawekwa sebuleni. Kwa hiyo kukatwa kichwa hakukuwa tusi lazima. Huenda huyo mama alipelekwa kwenye picha nzuri zaidi, yupo kwenye ua fulani ukutani kwa mtu.

#11 Chumba cha Giza

Langoni, kazi ya marehemu naiheshimu sana, lakini kifundi mara nyingi hukati picha ya mteja. Unaipiga picha ile picha, unapata negativu mpya, unakata nakala. Picha ya asili inarudi nzima. Mteja akirudishiwa ya kwake na tundu patachimbika.

#12 Mtoto wa Langoni

Hapo umesema kweli kwa studio. Lakini watoto wa mtaani waliokuwa wanaigiza nyumbani kwa mkasi na gundi ya unga hawakuwa na negativu. Dada zangu walikata nusu ya albamu wakitengeneza maua.

#13 Kigoma Mwisho wa Reli

Mnaogopa kusema ukweli. Picha ilikuwa inapelekwa kwa mganga. Ukitaka mtu apendwe au aharibikiwe, unapeleka uso wake. Ndiyo maana bibi yangu hakuwahi kumpa mtu picha yake, na alipoondoka mkwe mmoja nyumbani, kitu cha kwanza alihesabu picha. Aliyekwaruzwa uso pia ni hivyo hivyo, mtu alitaka kumfunga.

#14 Mwalimu Ngowi

Kigoma, hofu hiyo ilikuwepo na ipo, sikatai. Ila mwizi wa uso angeiba picha nzima, ni rahisi zaidi kuficha. Huyu amekata taratibu, mezani, kwa mwanga wa kutosha.

#15 Kigoma Mwisho wa Reli

Mwalimu, ukiiba picha nzima mwenye nyumba anaona pengo kwenye fremu siku hiyohiyo. Hii ya kukatwa ilikuwa ndani ya kasha. Nani anafungua kasha kila siku?

#16 Bint Unguja wa Maskati

Assalaam aleikum. Nimeusoma uzi wote, nami nitie langu kuhusu ile ya kukwaruzwa.

Familia yetu iliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mama alinihadithia kwamba siku zile watu walikaa usiku wanapitia albamu. Picha ya ami kavaa sare ya polisi wa Sultani ilikuwa hatari. Picha ya mtu kasimama karibu na mtu wa jumba la kifalme ilikuwa hatari. Zilizoweza kuchomwa zilichomwa. Zile ambazo ndani yake yupo na mama mzazi, watu hawakuwa na moyo wa kuzichoma, wakafuta uso mmoja au beji ya kofia kwa ncha ya sindano. Tunazo mbili hapa Maskati. Ukizishika kwenye mwanga unaona mikwaruzo inafuata mstari wa kofia, haikuvuka kumgusa mtu wa pili. Si mkono wa mtu mwenye hasira. Ni mkono wa mtu anayeogopa na anayependa.

Kaka, hao wanaume wako wawili wamevaa nini?

#17 Mzee wa Makabrasha

Dada, nimesoma hii mara nyingi. Wamevaa suruali za kaptula na mashati yenye mifuko miwili, wote sare. Aliyekwaruzwa ana kitu kama filimbi kifuani. Nilidhani ni skauti. Sasa nitaangalia tena kwa kioo cha kukuzia.

#18 Binti Pangani

Bint Unguja, umetunyamazisha. Mungu awarehemu wote.

#19 Sheikh Mdogo wa Ngamiani

Kuna sababu nyingine wakuu hamjaigusa. Wapo wazee waliokuwa hawataki sura za viumbe ndani ya chumba wanachoswalia. Akishakwenda hija au akizidi kushika dini, anageuza picha ukutani au anaondoa nyuso. Mjomba wangu alifanya hivyo kwenye kalenda, kwenye kopo la maziwa, kila mahali.

#20 Mwalimu Ngowi

Sheikh, angeondoa nyuso zote tano. Kwa nini mmoja?

#21 Sheikh Mdogo wa Ngamiani

Kama huyo mmoja ndiye yeye mwenyewe? Mama kashika dini, hataki sura yake ibaki ionwe na watu baada ya kufa kwake. Za wengine si haki yake kuzigusa.

#22 Mzee wa Makabrasha

Hii nayo sikuiwazia kabisa.

#23 Posta ya Zamani

Naomba nichepuke kidogo, maana mnawalilia waliopoteza nyuso, na mimi nina waliopoteza majina.

Nakusanya postikadi za pwani. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India, tangu karne ya 19: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, Pereira de Lord. Picha zao zilichapwa kwa wingi zikasambaa Ulaya. Dar es Salaam ya Wajerumani kulikuwa na C. Vincenti. Chukua kadi yoyote ya mwanamke wa kwetu: kapambwa, kavaa kanga mpya, uso umetoka vizuri mpaka unaona wanja. Chini yake limeandikwa kabila, au "mrembo wa Kiswahili" kwa lugha ya mgeni. Jina hakuna. Sura hiyohiyo nimeikuta kwenye kadi ya mchapishaji mwingine imeandikwa mji mwingine kabisa. Ile picha ya babu yenye tundu, shangazi akiiona anaweza kusema ni nani. Hawa nani atawataja?

#24 Mkamba wa Athi

Posta, swali. Nina kadi ya Mombasa, mtu ameandika barua juu ya picha yenyewe, mpaka angani kati ya minazi. Alikosa adabu au?

#25 Posta ya Zamani

Adabu ipo. Mwanzoni upande wa nyuma uliruhusiwa anwani peke yake, ujumbe ulikaa upande wa picha. Uingereza iliruhusu nyuma igawanywe kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari nyuma ni ya zamani zaidi, au ni akiba iliyotumika baadaye. Kwa za upande wa Wajerumani tazama pia stempu: zikiwa na neno "pesa", sarafu ndogo ya wakati huo, ni kabla, zikiwa na heller ni baada ya rupia kugawanywa heller 100 mwaka 1904. Na ukiona stempu ya Zanzibar imegongwa JAMHURI juu ya sura ya Sultani, hiyo ni 1964.

#26 Mtaa kwa Mtaa

Kwa mihuri ya studio njia rahisi ni jina la mtaa. Dar ukikuta Acacia Avenue ni kabla ya Uhuru, ikaja kuitwa Independence Avenue, ndiyo Samora ya leo. Kichwele Street ndiyo Uhuru Street. Nairobi ukiona Delamere Avenue ni ya mkoloni, sasa Kenyatta Avenue. Ninayo moja ya Moi Avenue, Mombasa, ya miaka ya 60.

#27 Mkamba wa Athi

Ya miaka ya 60 na Moi Avenue? Mzee Moi ameingia ikulu 1978. Mtaa huo ulikuwa Kilindini Road. Hiyo picha yako ni kijana kuliko unavyoiringia, hahaha.

#28 Mtaa kwa Mtaa

Suruali bwanga na viatu vya visigino virefu vingenishtua mapema. Asante, naandika upya kwenye bahasha.

#29 Kijana wa Kariakoo

Mimi naona mnachosha vichwa. Peleka picha ikapigwe lamino isiharibike zaidi, halafu kuna programu siku hizi inajaza uso uliokatwa, inakuwa kama mpya.

#30 Chumba cha Giza

Kijana, nakuomba kwa heshima zote, usimpe mtu ushauri wa lamino. Ule moto na ile gundi haviondoki tena. Ndugu yangu alipeleka picha pekee ya baba yetu kwenye duka la stesheni, ikatoka na mapovu usoni, na hakuna fundi duniani wa kuitoa mle.

Pwani adui ni unyevunyevu, mende na mchwa. Mende wanafuata jelatini ya picha na gundi. Weka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polipropilini au poliesta. Ile plastiki laini inayonuka, ya PVC, iogope, inanata na picha. Picha zilizomo kwenye albamu za kurasa zenye gundi, zile za miaka ya 70 na 80, zitoe taratibu. Imenata kwenye kioo cha fremu? Usiibandue, iskani palepale juu ya kioo. Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, usibonyeze. Picha za rangi za enzi zile zilizogeuka nyekundu zote zitangulie kuskaniwa, rangi yake inakufa hata gizani.

#31 Mzee wa Makabrasha

Na kuhusu kujaza uso, Kijana, siwezi. Programu itaniwekea mwanamke ambaye hajawahi kuishi, wajukuu wataanza kumwita bibi.

#32 Kijana wa Kariakoo

Nimeelewa wazee. Sikufikiria hivyo. Ila mjue makaratasi haya yanapotea kila siku. Karanga ninazonunua jioni zimefungwa kwenye kurasa za leja, juzi ilikuwa risiti ya ushirika wa pamba, ina mhuri na dole gumba la mtu.

#33 Binti Pangani

Na ulikula karanga ukatupa?

#34 Kijana wa Kariakoo

Ninayo. Ina mafuta kidogo.

#35 Mwalimu Ngowi

Iweke kati ya karatasi nyeupe za kufyonza, uibane chini ya kitabu kizito, usiisugue. Dole gumba hilo ni la mkulima aliyepokea hela yake. Siku hizi hata kadi za TANU watu wanaziuliza bei tu, wakati kadi yenye stempu za ada inakuonyesha mtu alikosa kulipa miezi ipi, na ukijua mwaka wa ukame unaelewa kwa nini.

#36 Chumba cha Giza

Turudi kwa mama wa Tanga. Mleta mada, picha za zamani za aina hiyo zinatoa mng'ao kama fedha kwenye kingo, hasa sehemu nyeusi, kwa sababu hewa inaingilia pembeni. Inamishe picha kwenye mwanga wa dirisha. Mng'ao ukizunguka na tundu pia, basi lilikatwa zamani. Ukiwa kwenye kingo za nje tu, basi wembe umepita juzijuzi kuliko tunavyodhani.

#37 Mzee wa Makabrasha

Nimeinamisha. Kingo nne za nje zinang'aa wazi. Kwenye tundu hakuna kitu, ukingo wake mweupe.

#38 Kigoma Mwisho wa Reli

Nilisema mimi. Mtu wa karibuni huyo, na yumo ndani ya nyumba.

#39 Posta ya Zamani

Polepole. Kama picha ilikaa imebanwa katikati ya nyingine ndani ya kasha, hewa ingefika kingoni tu, katikati isiguswe hata miaka hamsini.

#40 Mzee wa Makabrasha

Nimempigia shangazi kwa simu. Kwanza alisema hamjui huyo mama. Nikamwelezea bangili na mtoto anayeshika kanga. Akanyamaza, akasema mtoto ni yeye. Mama aliyekaa kitini ni mke mkubwa wa babu, ndiye aliyemlea. Hakuachwa, alifariki akiwa kwenye ndoa. Nilipouliza nani alimkata alijibu, "Muulize baba yako," na baba alishatangulia.

#41 Binti Pangani

Basi talaka naiondoa. Lakini mke mdogo siondoi.

#42 Sheikh Mdogo wa Ngamiani

Au mume mwenyewe, akaiweka sura ya mkewe kwenye kifuko cha saa. Chumba cha Giza alishasema kidani.

#43 Bint Unguja wa Maskati

Au huyo baba yako, kaka. Kama naye alilelewa na mama huyo, akasafiri kwenda kazini mbali, angetaka kitu cha kutia kwenye pochi. Pochi za marehemu zilikwenda wapi?

#44 Mzee wa Makabrasha

Kaka mkubwa ndiye aliyechukua vitu vya baba, yupo Dodoma. Nitamwomba aangalie. Aliyekwaruzwa nimemkagua: kifuani ni filimbi kweli, na begani upo utepe ambao nao umekwaruzwa. Dada wa Maskati, nitakutumia picha yake ndani ya ujumbe binafsi, sitaki kuiweka hapa kabla ndugu hawajajua ni nani.

#45 Bint Unguja wa Maskati

Tuma. Mama yuko macho mpaka isha, na macho yake kwa sare za zamani bado makali.

#46 Chumba cha Giza

Kabla ya yote andika jina la huyo mama nyuma kwa penseli, na la shangazi kama mtoto. Mwenye kuhitaji bahasha zisizo na asidi nina za ziada, nipo Mwanza, natuma kwa basi, nauli juu yako.